Feza ya Noeli

Kalemie ni mji ulio kando ya ziwa Tanganyika. Usiku wa giza, mtu akisimama ufukoni huona taa nyingi mbali juu ya maji, kama kwamba kuna mji mwingine huko. Ni taa za wavuvi. Samaki wadogo wanaoitwa ndagala hufuata mwangaza. Huja juu, huzunguka penye taa, nao wavuvi huwainua kwa wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwangaza wake huenea ziwani kote, na ndagala hawakusanyiki tena mahali pamoja. Hapo wavuvi wengi hubaki pwani wakishona nyavu zao.

Basi, siku za giza feza ni nyingi sokoni. Siku za mwezi mweupe feza ni kidogo. Mama anayeuza ndagala anajua jambo hilo tangu utoto wake. Yeye hana mshahara wa mwisho wa mwezi kama karani. Mwezi wake ni ule wa angani. Juma hili anaweza kurudi nyumbani na feza nyingi katika pindo la kikwembe chake, juma lingine anarudi na kikapu kitupu, na watoto wanauliza: « Mama, leo tunakula nini? »

Lakini Noeli haiulizi kama wavuvi wamepata samaki. Kila mwaka huja tarehe 25 Desemba. Ugonjwa huja bila kubisha hodi, na mgeni vilevile, na mvua ya mawe vilevile. Sikukuu haifanyi hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kuonyesha siku yake katika kalenda mwaka mzima kabla haijafika. Ni ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi Noeli hufika kama mwizi. Tarehe 20 Desemba baba anakuna kichwa, mama ananyamaza, na watoto wanasikia kwamba hakuna viatu.

Je, feza imekwenda wapi? Haikuibwa. Tazameni jinsi inavyotoka. Asubuhi mtoto analia, anapewa franka 200 za maandazi. Mchana jirani anapita na kuomba 500, atarudisha kesho. Kesho hiyo haifiki. Jioni baba ananunua dakika za simu. Hakuna hata mtu mmoja aliyefanya ubaya. Lakini franka 500 zikitoka hivyo kila siku, katika siku 300 ni franka 150 000, na hakuna mtu nyumbani anayeweza kuonyesha kitu kilichonunuliwa kwazo.

Watu wengine husema: « Nitaficha feza yangu katika mkebe, chini ya kitanda. » Jambo hilo si baya, lakini lina taabu mbili. Taabu ya kwanza ni kwamba mwenye mkebe ni yeye mwenyewe mwenye mkono. Usiku wa njaa anajua mkebe uko wapi. Taabu ya pili wazee wanaifahamu sana. Mwishoni mwa Desemba 1979, katika siku zile zile za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina nguvu tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Waliokaa mbali na mji, na waliokuwa na akiba kubwa nyumbani, walibaki na karatasi mikononi. Tena mwaka 1993 serikali ilitoa feza mpya: zaire 3 000 000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Na mwaka 1998, ilipokuja franka ya Kongo, zaire mpya 100 000 zilibadilishwa kwa franka 1. Mwanafunzi hodari na afanye hesabu: ni zaire ngapi za mwaka 1979 zilizotakiwa ili kupata franka moja? Akipata sufuri nyingi kupita kiasi asifute, hakukosea.

Ndiyo sababu bibi wengi hata leo hawapendi kulaza feza. Wao hununua kitu. Anayetaka kikwembe cha Noeli hukinunua Juni, bei ikiwa bado ya chini, na kukifunga vizuri sandukuni. Anayetaka kuku wa Noeli hamtafuti sokoni tarehe 24 Desemba, siku ambayo wachuuzi wanataka bei wanayopenda. Anamlaza kuku wake juu ya mayai mwezi wa Juni. Baada ya siku 21 vifaranga wanatoka. Kuku wa kienyeji huhitaji miezi mitano au sita ili kufaa sufuria. Basi kifaranga wa Juni ndiye kuku wa Noeli. Kazi hiyo hata watoto wanaiweza: kumwaga maji safi, kufunga banda jioni, kuangalia mwewe. Ila kuku nao hupatwa na magonjwa, na ugonjwa ukiingia bandani unaweza kumaliza wote kwa siku chache. Mwenye akili haweki Noeli yake yote katika banda la kuku.

Katika miji mingi ya Kongo watu wana desturi nyingine, ya kuzungushiana feza. Jina lake ni likelemba, na wengine husema likirimba. Watu kumi wanapatana. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na jumla yote inapewa mtu mmoja, kwa zamu. Ni desturi njema na yenye upendo, nayo imesaidia watu wengi kununua mabati ya nyumba. Lakini zamu ya Desemba ni moja tu, na watu kumi wote wanaitaka. Anayepata zamu yake Machi anapata feza nyingi wakati Noeli ingali mbali, nayo inayeyuka kama chumvi mvuani.

Kwa sababu hiyo watu wengi siku hizi wameshika namna nyingine, yaani chama cha sanduku. Namna hiyo ilianza mwaka 1991 katika nchi ya Niger, upande wa Maradi, kati ya akina mama wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Kutoka huko imeenea katika nchi nyingi za Afrika. Katika Kongo huitwa AVEC, kwa herufi za kwanza za jina lake la Kifaransa. Inafaa kueleza vizuri jinsi sanduku linavyofanya kazi, kwa maana ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuifuata mpaka mwisho.

Watu kama 20 wanaojuana wanakusanyika. Wanatengeneza sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu wanapewa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala nyumbani kwa mtu wa nne. Basi mwenye sanduku hana ufunguo, na wenye funguo hawana sanduku. Hata mmoja akiwa na tamaa, hawezi kitu bila wenzake. Wanakutana kila juma, siku moja, saa moja, mahali pamoja. Feza inahesabiwa mbele ya wote. Kabla ya kufunga, mtunza feza anasema kwa sauti jumla iliyo ndani, na wote wanaishika kichwani. Juma lijalo, kabla ya kufungua, mtu anaulizwa: « Tuliacha kiasi gani? » Akijibu sawasawa, kufuli zinafunguliwa. Hivi hata yule asiyejua kusoma ni mlinzi.

Feza haiwekwi ovyo. Huwekwa kwa mafungu. Chama kinapatana bei ya fungu moja. Tuseme franka 2 000. Katika kila mkutano mtu anaweza kununua fungu 1, au 2, au 3, mpaka 5, lakini si zaidi. Kwa kila fungu anapigiwa muhuri mmoja katika kitabu chake kidogo. Kanuni hiyo inamfaa sana mama wa ndagala. Juma la giza ananunua mafungu 4. Juma la mwezi mweupe ananunua 1 tu, wala hakuna anayemcheka. Mwenye kupata kidogo haoni aibu, na mwenye kupata nyingi hawezi kulimeza sanduku peke yake.

Mfano huu utaonyesha hesabu. Mama mmoja anaingia chama mwishoni mwa Januari. Katika kila mwezi wa angani ananunua mafungu 4, halafu 4, halafu 3, na katika juma la mwezi mpevu fungu 1. Jumla ni mafungu 12. Kutoka mwisho wa Januari mpaka katikati ya Desemba ni miezi ya angani 11. Hesabu basi: 12 mara 11 ni mafungu 132. Kila fungu ni franka 2 000, kwa hiyo ameweka franka 264 000. Kama angeambiwa Januari: « Mama, leta franka 264 000, » angekimbia. Lakini fungu kwa fungu, amezileta.

Juma hazikupita zote bila taabu. Mikutano miwili hakufika, kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa na malaria. Ilikuwa Oktoba, mvua zikianza. Hapo ndipo feza ya Noeli hufa katika nyumba nyingi: mtoto anaungua na homa, dawa inatakiwa usiku ule ule, na mama gani atasema, « Ngoja, hii ni feza ya sikukuu »? Lakini sanduku lina mfuko wa pili, mdogo, unaoitwa mfuko wa msaada. Kila mkutano kila mtu anatia humo franka 200, wala feza hiyo haichanganywi na mafungu. Mama wa mtunza funguo mmoja alikuja usiku na taa, akasema: « Dada, wenzako wamenituma. Chukua hii, umpeleke mtoto. » Mtoto alipata dawa, akapona, na mafungu ya Noeli hayakuguswa.

Tena feza ya sanduku hailali. Mtu mwenye mafungu anaweza kukopa, lakini si zaidi ya mara tatu ya ile aliyoiweka. Juni yule mama alikopa franka 100 000. Ndagala walikuwa wengi na bei ilikuwa ya chini; alinunua, akakausha juani, akangoja. Kila mwezi alilipa franka 5 katika kila 100, maana yake franka 5 000, na baada ya miezi mitatu alirudisha deni lote. Kwa jumla aliongeza franka 15 000. Mtoto wake wa darasa la tano alisikia hesabu hiyo, akakasirika.

« Mama, kwa nini walipwe franka 15 000 bure? »

« Ni nani waliolipwa, mwanangu? »

« Watu wa chama. »

« Na mimi ni mtu wa chama gani? »

Mtoto alinyamaza, akafikiri. Franka zile 15 000 hazikwenda kwa tajiri fulani. Zilirudi katika sanduku, na sehemu yake ilikuwa ya mama mwenyewe. Yako mambo tofauti kabisa mitaani, ambako mkopeshaji hutoa franka 100 na kudai 150 mwezi ujao. Wanaomwendea mkopeshaji wa namna hiyo tarehe 23 Desemba hula wali na nyama siku mbili, kisha Januari wanauza baiskeli.

Katikati ya Desemba ndiyo siku ya kugawanya. Watu wanavaa vizuri, kwa maana ni kama karamu. Madeni yote yamekwisha kurudishwa. Sanduku linafunguliwa, feza yote inawekwa juu ya mkeka. Katika chama cha mfano wetu watu 20 wamenunua mafungu 2 200 kwa mwaka mzima, maana yake waliweka franka 4 400 000. Lakini juu ya mkeka kuna franka 5 280 000, kwa ajili ya faida za mikopo na faini za waliochelewa. Gawanya 5 280 000 kwa 2 200: kila fungu sasa ni franka 2 400. Mama wa ndagala ana mafungu 132. Anapokea franka 316 800. Aliweka 264 000. Basi amepata nyongeza ya franka 52 800.

Lakini hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na vyama vingi havisemi neno juu yake. Kutunza franka 2 000 ni kazi. Kutunza franka 316 800 kwa siku kumi, kukiwa na ngoma kila pembe na vikwembe vipya vinaning'inia sokoni, ni kazi ya namna nyingine. Yule mama alijua udhaifu wake. Siku tatu kabla ya kugawanya, aliketi na mumewe, akamwita mtoto wake aliye na mwandiko mzuri. Walichukua daftari. Mtoto alitaka kuandika kwanza: Viatu.

« Hapana, » akasema baba. « Andika kwanza Januari. »

« Lakini baba, Noeli inatangulia Januari! »

« Katika kalenda, ndiyo. Katika daftari, la. »

Basi wakaandika. Franka 100 000, mtaji wa kununulia ndagala baada ya sikukuu. Ikiliwa hiyo, biashara imekufa. Franka 60 000, ada ya dada mkubwa anayesoma sekondari; tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali na za misioni zinazosimamiwa pamoja nayo hazilipishi ada, lakini sekondari ni mambo mengine. Franka 50 000, unga na maharagwe ya Januari, kwa sababu wakati ule mahindi ya mashamba bado mabichi, na chakula ni ghali sokoni. Franka 20 000 za kuweka kando kwa jambo lisilojulikana. Jumla 230 000.

Zilibaki franka 86 800. Mtoto aliangalia namba hiyo, uso ukamwanguka. Noeli ni siku kuu ya kuzaliwa kwa Bwana; mbona inapewa sehemu ndogo? Mama hakumkemea. Alimwambia tu: « Hesabu kwanza, kisha ulie. »

Wakahesabu. Franka 5 000, sadaka ya Misa. Franka 45 000, nguo na viatu vya watoto. Si vya wote, kwa kuwa kanzu ya mdogo bado ilikuwa njema na ilitaka kufuliwa tu. Kisha chakula, franka 36 800. Kuku walikuwa bandani tayari, wanne, wale wa Juni. Ndagala walikuwa wa mama mwenyewe. Sombe ilikuwa nyuma ya nyumba. Zilihitajiwa mchele, mafuta ya mawese, chumvi, sukari, vitunguu na chupa chache za soda.

« Sahani ngapi? » baba akauliza.

« Saba, » akasema mtoto.

« Na mjomba wako anayetoka Moba? »

Kila mwaka mjomba huja kwa mashua bila barua, na watoto wanne, na furaha nyingi. Kila mwaka watu hushangaa kana kwamba ni mara ya kwanza. Safari hii mtoto aliandika katika daftari: Mjomba, sahani tano. Mchele uliongezwa, soda zilipunguzwa. Hapo mama akacheka, akasema kwamba mjomba mwenyewe angekuwa chama cha sanduku, kwa maana hakosi mkutano.

Kisha walifanya jambo la mwisho, la akili sana. Siku ya kugawanya, feza haikulala nyumbani hata usiku mmoja ikiwa nzima. Asubuhi ile ile mama alipita shuleni kwa dada mkubwa, akalipa ada na kupokea karatasi yenye muhuri. Mchana alinunua unga na maharagwe. Mtaji aliuacha kwa mtunza feza wa chama, mbele ya mashahidi wawili, mpaka tarehe 3 Januari. Jioni wapita njia na rafiki wa zamani walianza kuja, kama ilivyo desturi watu wakisikia kwamba sanduku limegawanywa. « Mama, nisaidie kidogo, Noeli imekaribia. » Naye aliwaonyesha feza iliyobaki na daftari. Wawili aliwapa kidogo kutoka zile franka 20 000, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mjane na taabu yake ilikuwa ya kweli. Wengine walikunywa maji, wakaenda zao.

Mjomba alifika tarehe 24, saa kumi alasiri, na watoto watano badala ya wanne. Mtoto wa darasa la tano alikimbia kuchukua daftari. Mama alimwambia aliache, achukue jembe dogo na kuchimba viazi vitamu viwili vitatu shambani.

Baada ya Bonane mvua zilikuwa nyingi, na ilikuwa siku za giza. Taa zilionekana tena ziwani. Tarehe 3 Januari mama alichukua mtaji wake, akashuka pwani kabla ya mapambazuko kuwangoja wavuvi. Juma la mwisho la mwezi huo watu wa chama walikutana tena chini ya mwembe. Wawili walikuwa wametoka, watatu walitaka kuingia. Sanduku lilipewa nyumba nyingine, funguo tatu wakapewa watu wengine watatu. Mtunza feza akauliza kwa sauti: « Tuliacha kiasi gani? » Na wote wakajibu pamoja, wakicheka: « Sufuri! »